Ndege ya Cyprus ya 1967: walijuaje ni bomu, na kwa nini aliyelitega hakujulikana

Swali: Assalaam aleikum ami, na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, kwetu Chake Chake. Nilikuwa nasafiri na mwenzangu kutoka Unguja kwenda ng'ambo kusoma. Karatasi za mwenzangu zikaonekana zina kasoro, akazuiwa langoni. Sisi tulishakaa ndani ya ndege. Tukasubiri karibu saa nzima mizigo inafukuliwa mpaka begi zake zikapatikana zikashushwa, na moja katika hizo ilikuwa yangu, niliisajili kwa jina lake kwa sababu kilo zangu zilijaa. Nimefika huku sina nguo za baridi. Mzee aliyekaa ubavuni mwangu alinambia utaratibu huo umeletwa na ndege zilizotegwa mabomu, akanitajia moja iliyopasukia angani karibu na Cyprus ikazama, na mpaka leo aliyeitega hajulikani. Ni kweli? Kama ilizama, walijuaje kuwa ni bomu? Na kama waliweza kulijua hilo, walishindwa vipi kumjua mtu?

Jawabu: Waaleikum salaam, mwanangu, na marahaba. Pole kwa nguo za baridi. Huyo mzee kasema kweli, ila kachanganya mambo mawili. Ndege anayoisema ipo, iliangushwa na bomu, na hakuna mtu aliyetiwa hatiani kwa hilo mpaka leo. Lakini utaratibu uliokushushia begi ulipata nguvu kwa sababu ya ndege nyingine, miaka 18 baadaye. Nitafika huko.

Tarehe 12 Oktoba 1967, kabla ya jua kuchomoza, ndege aina ya Comet 4B ilikuwa njiani kutoka Athens kwenda Nicosia. Ilikuwa mali ya shirika la Uingereza la BEA, ikifanya safari namba 284 ya Cyprus Airways, na safari yenyewe ilianzia London usiku wake. Ndani mlikuwa na watu 66, saba kati yao wafanyakazi. Ilikuwa imeshapanda mpaka futi 29,000, katika ule muda ambao abiria wengi wamelala na marubani hawana kazi nzito. Ikawaita waongozaji wa Nicosia kwa redio. Nicosia wakaitika. Haikujibu tena.

Mabaki yalionekana yakielea kusini mwa pwani ya Uturuki, upande wa mashariki wa kisiwa cha Rhodes. Zilipatikana maiti 51. Bodi ya ndege, injini, mabawa, vyote vilikwenda chini kwenye kina kirefu, na havikutolewa.

Sasa fikiria wachunguzi walikuwa wameshika nini mkononi wiki ile. Hawana injini ya kuifungua wala bawa la kulikagua. Wana maiti, wana vitu vilivyoelea, na wana jina la ndege lenye historia mbaya. Comet ndiyo ndege ya mwanzo ya abiria yenye injini za jeti kuingia kazini, na mwaka 1954 mbili zilipasukia angani juu ya bahari ya Italia: moja mwezi Januari karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa, nyingine Aprili karibu na Naples, watu 21. Ile ya Elba ilipoanguka, miongoni mwa mambo ya mwanzo yaliyoshukiwa ni bomu. Jeshi la majini la Uingereza likavua mabaki yake kipande kwa kipande, na huko Farnborough, Uingereza, Comet nyingine ikatiwa ndani ya tangi la maji, bodi yake ikajazwa presha na kupunguzwa, ikajazwa na kupunguzwa, kama vile inapaa na kutua kila siku. Ilipofikisha jumla ya safari 3,057, za kweli na za kuigiza, bati likapasuka likianzia kwenye kona ya dirisha. Hapakuwa na bomu. Bati lilikuwa limechoka.

Kwa hiyo miaka 13 baadaye Comet nyingine inapopotea juu ya bahari hiyo hiyo ya Mediterania, mtu wa kawaida angesema: haya, bati tena. Comet 4B ilikuwa imeundwa upya, bodi yake imara zaidi na madirisha yake ya mviringo, lakini mchunguzi hawezi kumwambia mjane kwamba haikuwa bati kwa sababu tu kiwanda kimesema kimerekebisha. Anahitaji kitu cha kushika.

Nyinyi watu wa Pemba hamna haja ya kupelekwa mbali kulielewa hili. Mwezi wa Juni 2016 kipande kikubwa cha flapu ya bawa kilikutwa Kojani. Kilikuwa cha Boeing 777 ya Malaysia Airlines, safari MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Kilielea zaidi ya miaka miwili kutoka kusini ya mbali ya Bahari ya Hindi mpaka kikafika kwenu. Wachunguzi wa Australia walisoma namba zilizopigwa ndani yake, kiwanda cha Italia kilichokiunda kikafungua kumbukumbu zake, namba zikakutana, na Septemba mwaka ule ule wakathibitisha. Kipande hicho hakikuweza kusema kwa nini ndege ilipotea. Lakini kilitaja bila shaka yoyote kilitoka kwenye ndege gani. Mkondo wetu huu wa pwani unaopanda kaskazini unazo habari nyingi. Ndege ya Yemenia ilipoanguka Comoro tarehe 30 Juni 2009, baadhi ya maiti zililetwa na maji mpaka Mafia.

Chuma kinazama, sponji inaelea. Na katika vitu vilivyookotwa mwaka 1967 kilikuwemo kitu ambacho mvuvi angekichukua akakalie kwenye ngalawa yake: mto wa kiti cha abiria. Mto ule ulipelekwa kwa wataalamu wa vilipuzi wa serikali ya Uingereza. Wakaukuta umetobolewa na kuchanwa kwa namna ambayo kuanguka baharini hakuwezi kuifanya. Jawabu lao lilikuwa kwamba kilipuzi chenye nguvu, cha aina ya plastiki inayotumiwa na majeshi, kililipukia ndani ya chumba cha abiria wa daraja la kawaida, chini ya kiti. Mto mmoja, mwanangu, ndio uliogeuza uchunguzi wote.

Wanaujuaje mlipuko kwa kutazama sponji? Ni suala la kasi. Bati linapopasuka kwa presha, au ndege inapojipiga kwenye maji, vitu huvunjika kwa kasi kubwa, lakini ni kasi ya mambo ya kawaida. Kilipuzi cha kijeshi kinageuka gesi kwa kasi ya kilomita 7 mpaka 8 kwa sekunde. Hakuna kitu kingine ndani ya ndege, si injini, si mtungi wa oksijeni, si mafuta, kinachokaribia kasi hiyo. Gesi hiyo ikilipiga bati lililo karibu inaacha vishimo vidogo mno vya kuonekana kwa hadubini, na kingo za tundu zinajikunja kama zimeviringishwa. Inasukuma vipande vidogo vya chuma kuingia ndani ya kitu laini, na kila kipande kinaacha njia yake kwenye sponji. Ukizifuata njia zile kurudi nyuma unajua mlipuko ulitokea upande gani. Nyuzi za kitambaa cha nailoni zinayeyuka ncha zake zikawa vidonge, ilhali pembeni kitambaa hakikuungua. Moto wa kawaida haufanyi hivyo, unaunguza vyote.

Na maiti nazo zina maneno yake. Sokoni Wete au pale Malindi, mnunuzi mzoefu huwezi kumuuzia samaki wa baruti ukamdanganya. Kwa nje magamba yapo na mapezi yapo. Akimbonyeza, nyama imelegea, na akimpasua anakuta damu imevia ndani na uti umevunjika. Daktari wa maiti anafanya uchunguzi wa namna hiyo: anatazama mapafu, masikio, vipande vidogo vilivyoingia mwilini, kisha analinganisha na mahali mtu alipokaa. Ndiyo maana orodha ya viti ni muhimu, na hilo linanipeleka karibu na swali lako la pili. Lakini kwanza nikuongezee jambo moja ambalo watu huniuliza kila mara: vipi kitu kidogo chini ya kiti kiiangushe ndege nzima?

Vile vindege vya Caravan mnavyopanda kutoka uwanja wa Karume, Unguja, kwenda uwanja wa Pemba vinaruka chini, na ndani yake hewa ni ile ile ya nje. Tundu kwenye bodi yake ni hatari, ila halina haraka ya kukua. Ndege iliyo futi 29,000 ni kitu kingine. Ndani imejazwa hewa ili watu wapumue, nje hewa ni nyembamba, na bodi yote imevutika kwa presha hiyo. Bomu linatoboa tu. Hewa inayotoka kwa nguvu, pamoja na upepo wa mwendo wa ndege, ndivyo vinavyochana. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya Daallo iliyoondoka Mogadishu kwenda Djibouti ililipukiwa na bomu ubavuni ikiwa bado inapanda, chini sana ya kimo chake cha safari. Aliyebeba bomu alitoka kwa tundu hilo na kufa. Wengine wote walirudi wakatua Mogadishu wakiwa hai. Ingekuwa juu zaidi, jirani zetu wangekuwa wanaokota mito ya viti kwenye pwani ya Somalia.

Naona nimekujibu la kwanza. Sasa tuingie kwa mtu.

Yote niliyokueleza, vishimo, njia za vipande, mapafu, yanakujibu nini, wapi na upande gani. Hayana jina la mtu ndani yake. Kilipuzi cha kijeshi cha mwaka 1967 kilikuwa mikononi mwa majeshi na makundi mengi, na mto wa kiti hausemi kiliingia ndani na nani. Kwa mtu unahitaji ushahidi wa namna nyingine kabisa: tiketi ilinunuliwa lini na kwa fedha za nani, nani alipandia London na nani Athens, nani alikaa kiti gani, nani aliacha mkoba na kushuka, nani alisafisha ndege usiku ule, nani alikata bima. Yaani karatasi, na watu wanaokumbuka. Mwaka 1967 karatasi hizo zilikuwa chache na hafifu. Hakuna kamera. Mikoba ya mkononi kwa kawaida haikukaguliwa: Marekani yenyewe ilianza kuwakagua abiria wote na mikoba yao mwaka 1973, na kilichowasukuma kilikuwa utekaji wa ndege. Mtu aliweza kupanda na mkoba, akauweka chini ya kiti, na dunia isiwe na kumbukumbu yoyote ya mkoba ule isipokuwa kwenye macho ya jirani yake aliyekufa naye.

Ukiongeza kwamba ndege ilikuwa imeshatua Athens njiani, una nchi tatu au nne za kuhoji watu, kila moja na polisi wake, na kisiwa chenyewe cha Cyprus kimegawanyika kwa silaha baina ya Wagiriki na Waturuki wake. Ndipo ikaja hadithi ambayo pengine huyo mzee wako anaijua: kwamba walengwa hawakuwa wale 66 bali Jenerali Grivas, mkuu wa majeshi ya Wagiriki wa Cyprus, na kwamba waliotega waliamini yumo ndani. Hakuwemo. Imeandikwa mara nyingi mpaka imekuwa kama ndiyo jawabu. Mimi siipingi, lakini siinunui. Sababu ya kuua, bila ya karatasi ya kumuunganisha mtu na kiti, inabaki maneno ya barazani. Mwaka ule huko Cyprus ungeweza kumtaja mtu yeyote mkubwa ukapata mwenye hamu ya kumuua. Na hakuna aliyejitokeza kudai kuwa kafanya yeye, jambo ambalo kwa kazi ya kisiasa linanishangaza kidogo.

Usije ukadhani bahari ndiyo iliyoficha kila kitu. Ipo kesi nyingine ambayo mabaki yote yalikuwa nchi kavu, na mwisho wake ni ule ule. Tarehe 8 Julai 1965 ndege ya DC-6B ya Canadian Pacific, safari namba 21, ilitoka Vancouver kwenda Whitehorse ikiwa na watu 52. Rubani alipiga mayowe ya kuomba msaada mara tatu kwenye redio, mkia ukakatika, na ndege ikaanguka msituni magharibi ya mji unaoitwa 100 Mile House. Hapo wachunguzi walikuwa na kila kitu mbele yao. Walijua mlipuko ulitokea ndani ya choo cha nyuma upande wa kushoto. Walipata mabaki ya kemikali za baruti. Umeona walivyofika karibu? Wanakijua chumba, wanaujua upande. RCMP, polisi wa taifa wa Kanada, wakabaki na majina ya abiria wanne wa kutiliwa shaka. Mmoja alikuwa mjuzi wa baruti, mwingine alikata bima muda mfupi kabla ya kupanda. Wote wanne walikufa na ndege. Kila jina lilikuwa na sababu yake na kila sababu ilikuwa na tundu, na hakuna mtu aliyeshitakiwa.

Nakiri kesi hiyo inanisumbua zaidi kuliko ya Cyprus, maana haina kisingizio cha kina cha bahari. Na ile ya mwanzo kabisa kuthibitishwa duniani ni vivyo hivyo: Boeing 247 ya United iliyolipuka Indiana, Marekani, tarehe 10 Oktoba 1933, watu saba. Maabara ya Chicago ilisema ni kilipuzi, FBI wakahoji, faili likafungwa bila ya mtu.

Tazama sasa zilizotatuliwa, uone zilitatuliwa na nini. Mwaka 1949 Kanada, ndege ya DC-3 ililipuka karibu na Québec ikaua watu 23. Mtu mmoja, Albert Guay, alitaka kumuua mkewe apate bima na mwanamke mwingine. Aliyemnasa ni mtu aliyekumbuka: mwanamke mmoja alikuja uwanjani kwa teksi, akakabidhi kifurushi kipelekwe kama mzigo. Polisi wakamtafuta dereva wa teksi, dereva akawapeleka kwa mwanamke, mwanamke akawapeleka kwa Guay. Mwaka 1955 ndege ya United iliyotoka Denver ililipuka ikaua watu 44, na Jack Graham akapatikana kwa sababu alikuwa amemkatia mama yake bima uwanjani, kwenye mashine, kama mtu anavyonunua soda. Miaka ile bima ya safari iliuzwa hivyo kwenye viwanja vya Marekani. Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie ikaua watu 270: mabaki yalitawanyika kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za Uskochi, yakaokotwa kwa mikono, na humo wakapata vipande vya redio kaseti, vya sanduku, na vya nguo zilizozungushwa ndani yake. Nguo zikawapeleka kwenye duka moja Malta, na mwenye duka alimkumbuka mnunuzi. Mlibya Abdelbaset al-Megrahi alitiwa hatiani mwaka 2001, na mpaka leo wapo wanaobishana juu ya hukumu ile, wakiwemo baadhi ya jamaa za waliokufa. Lakini njia yenyewe uione: kutoka chuma mpaka sanduku, kutoka sanduku mpaka nguo, kutoka nguo mpaka duka. Ile ya Cyprus ilikatikia kwenye mto wa kiti. Baada ya hapo hakuna kipande cha mkoba wala cha kitambaa kilichowapeleka dukani. Vilizama.

Hata ile Daallo ya Mogadishu ilifumbuliwa na kamera: picha za uwanjani zilionesha watu wakimkabidhi abiria kitu mfano wa kompyuta ya mkononi baada ya kwisha kukaguliwa.

Na suala la karatasi sisi Wazanzibari tunalijua kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, hakuna aliyeificha sababu: ilijazwa kupita kiasi. Lakini mpaka leo watu wanabishana walikuwemo wangapi, kwa sababu orodha ya abiria haikuwa ya kuaminika, na wengi walipanda bila ya jina kuandikwa. Familia Wete na Micheweni zinajua nani hakurudi. Hiyo haikuwa jinai ya bomu, na siifananishi. Nasema tu kwamba orodha mtu huiona upuuzi mpaka siku inapohitajika, na siku hiyo huwezi kurudi nyuma ukaiandika.

Sasa begi yako. Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India, safari 182, ililipuka juu ya Atlantiki karibu na Ireland, watu 329 wakafa. Begi lenye bomu lilisajiliwa Vancouver na mtu aliyejiita jina la Singh, likahamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine, na mwenyewe hakupanda. Mtu mmoja tu ndiye aliyetiwa hatiani, aliyehusika kuunda mabomu. Wawili walioshitakiwa kwa mauaji waliachiwa mwaka 2005. Kabla ya hapo mashirika mengi yalihesabu kwamba hakuna atakayetega bomu kwenye ndege anayoipanda mwenyewe, basi hawakujisumbua kuhakikisha kama amepanda. Baada ya 1985 kanuni za usalama za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zilizo kwenye Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, zilitilia nguvu jambo hili: mzigo wa abiria asiyepanda hauruki mpaka ushughulikiwe. Lockerbie ikaja kuonesha walioendelea kupuuza. Tanzania imo kwenye mkataba huo, na Zanzibar pia inafuata. Mfanyakazi aliyefukua mizigo juani pale uwanjani Kisauni saa nzima alikuwa anatekeleza hilo, na kwa kuwa begi lako lilikuwa na tiketi ya jina la mwenzako, kwake halikuwa lako. Hana njia ya kujua vingine. Wala nisingependa awe na uhuru wa kukuamini kwa maneno.

Angalia lakini: utaratibu huu usingeizuia ile ya 1967. Pale bomu lilikuwa ndani ya chumba cha abiria, si tumboni mwa ndege. Kinachozuia lile ni mashine inayopitisha mkoba wako wa mkononi, na yule askari anayekwambia utoe kompyuta uiweke kwenye trei peke yake. Mzee wako kaunganisha ndege sahihi na dawa isiyo yake.

Pengine utataka kuniuliza pia kama iko siku atajulikana. Sidhani. Zimepita karibu miaka 60. Aliyekuwa na miaka 30 wakati ule sasa anakaribia 90, kama yuko hai. Chuma cha Comet kiko chini, na teknolojia ya leo ya kutafuta kwenye kina kirefu ingeweza kukifikia, lakini kingerudia kusema yale yale ambayo mto ulishayasema. Kinachoweza kufungua kesi kama hii ni mtu kusema kabla hajafa, au jalada la idara fulani ya usalama kufunguliwa. Mimi ningetazama majalada kuliko bahari.

Kuhusu safari zako zijazo: begi yako isajili kwa jina lako hata kama mwenzako ana kilo zilizobaki. Kilo zikikuzidi, lipia ziada au punguza. Na najua tabia yetu, mtu yuko kwenye foleni anakuja jamaa wa jamaa na kifurushi, "mwanangu nipelekee hiki, kuna mtu atakipokea." Usimkatalie kwa ukali, lakini kifunguliwe mbele yako, ukione mpaka chini, na ukifunge wewe mwenyewe. Akikataa kukifungua, mrudishie pale pale. Kaunta wakikuuliza nani kakufungia mizigo, wajibu kweli. Hiyo begi iliyoshushwa, piga simu ofisi ya mizigo ya uwanja uwape namba iliyo kwenye kile kikaratasi cha begi ambacho mwenzako alipewa. Mwambie akitafute, na yeye mwenyewe ndiye aende kuichukua, maana kwao wao ni yake.